Mikia bila vichwa: nilichojifunza kwa kujenga maktaba ya cDNA

Kloni ya kwanza (kloni ni kipande kimoja cha DNA kilichozalishwa ndani ya bakteria) niliyoifungua kwenye skrini ilikuwa mkia. Ya pili mkia. Ya tatu, ya nne, nikashuka mpaka ya tisini na kitu, zote zinaanzia kwenye lile rundo la A, zinapanda kidogo halafu zinakatika, hakuna hata moja iliyofika kwenye ATG, herufi tatu zinazoanzisha protini, ya jeni niliyokuwa naitafuta. Na maktaba yenyewe kwa hesabu ilikuwa nzuri kabisa, kloni zaidi ya milioni moja, karibu zote zina kipande ndani, kila niliyemwonyesha zile namba alinipa hongera. Ilinichukua miezi kadhaa kukubali kwamba maktaba inaweza kuwa kubwa na bado ikawa haina unachokitaka, na tangu siku ile kila njia ya kujenga maktaba ya cDNA ninayokutana nayo naiuliza swali moja tu: kichwa cha mRNA, ule ujumbe wa jeni, kinafika salama au kinabaki njiani?

Nianzie chini kidogo kwa ambao hawajawahi kushika kitu hiki. DNA iliyo kwenye kiini cha seli ni ndefu mno na jeni nyingi zimekatwakatwa na introni, vipande ambavyo seli inavitoa kabla ya kutengeneza protini, na jeni moja ya binadamu inaweza kuwa ndefu mara kumi au zaidi kuliko ujumbe wake wa mwisho. Ukiichukua hivyo hivyo ukaiweka kwenye bakteria, bakteria hana mitambo ya kutoa introni, kwa hiyo hatakupa protini unayoitaka. mRNA ndo imeshasafishwa na seli yenyewe, introni zimetoka, ujumbe umeunganishwa. Na zaidi ya hapo mRNA inakwambia seli inafanya nini sasa hivi, manake ini na ubongo vina DNA ileile ila ujumbe unaozunguka humo ndani ni tofauti sana. Shida ni kwamba RNA huwezi kuipachika kwenye plasmidi, duara dogo la DNA linalozaliana ndani ya bakteria, na inaoza haraka, basi unaigeuza kuwa DNA, hiyo ndo cDNA, yaani DNA kamilishi, halafu kila kipande unakipa nyumba yake ndani ya plasmidi au faji, yaani kirusi cha bakteria, na mkusanyiko wa nyumba zote hizo ndo tunauita maktaba.

Kuna wakati wengi waliamini hiyo kazi ya kurudi nyuma, kutoka RNA kwenda DNA, haipo kwenye maumbile. Howard Temin alishikilia tangu miaka ya 1960 kwamba virusi vya Rous, vile vinavyoleta uvimbe kwa kuku, vinapitia hatua ya DNA ndani ya seli, na wachache sana walimwamini. Mwaka 1970 yeye na Satoshi Mizutani, na kwa upande mwingine David Baltimore aliyekuwa anatumia virusi vya lukemia ya panya, wakaionyesha enzaimu yenyewe, rivasi transkriptesi. Mwaka 1975 Temin na Baltimore wakapewa Nobel pamoja na Renato Dulbecco. Ila wenye haraka hawakusubiri Nobel, kufikia 1972 watu walikuwa tayari wanaitumia kutengeneza cDNA ya globini, na walichagua globini kwa sababu seli changa za damu nyekundu zimejaa ujumbe wa globini kuliko kitu kingine chochote, na 1976 cDNA ya globini ya sungura ikawa imeshaingizwa kwenye plasmidi na kuzalishwa ndani ya bakteria.

Enzaimu hii ina tabia moja, na ukiielewa tabia hiyo umeelewa nusu ya historia ya njia hizi zote. Haiwezi kuanza hewani. Inataka praima, kipande kifupi kilichoshikana na RNA ambacho itakirefusha. Sasa mRNA nyingi za wanyama na mimea zina mkia wa A nyingi mfululizo, kwa hiyo praima rahisi kuliko zote ni kipande cha T 12 mpaka 18 kinachojishika hapo mkiani. Rahisi na nzuri, lakini maana yake ni kwamba enzaimu inaanzia mkiani siku zote na kupanda kuelekea kichwani, na njiani kuna mikunjo, kuna sehemu zilizojaa G na C zilizojifunga kama fundo, kuna mahali RNA imeshakatika, na enzaimu inasimama, inachoka, inaachia. Kila mRNA inatoa mkia wake bila shida ila kichwa kinapatikana kwa jasho. Na kichwani ndo kuna ATG ya mwanzo, ndo kuna ile sehemu inayokuonyesha jeni inaanzia kusomwa wapi, na kwa protini nyingi ndo kuna kile kipande kinachoiambia seli protini ipelekwe nje au ibaki ndani.

Kabla hata enzaimu haijaingia, maktaba inaweza kuwa imeshakufa. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wengi wakipoteza na hawajui kama wamepoteza. Ribonyuklesi, enzaimu zinazokula RNA, ziko kwenye vidole, kwenye meza, kwenye maji, na zaidi ya yote ziko ndani ya tishu yenyewe unayoisaga, zimetulia kwenye vyumba vyake zinasubiri seli ipasuke. Ribonyuklesi A ina vifungo vinne vya salfa vinavyoishikilia umbo, ukiichemsha inafunguka, ikipoa inajikunja tena na kurudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea, haihitaji hata chuma cha kuisaidia. Ndo maana maji tunayatibu kwa DEPC, kemikali inayoua ribonyuklesi, halafu tunayapika kwenye otoklevu ili DEPC yenyewe ivunjike isije ikaharibu RNA, ndo maana glovu zinabadilishwa kila ukishika kitasa cha friza, na ndo maana tishu inatakiwa igandishwe kwenye nitrojeni ya maji ndani ya sekunde, sio ukimaliza kuandika lebo. Ukombozi mkubwa ulikuja na gwanidini thaiosayaneti, chumvi kali inayovuruga protini zote kwa mpigo, na mwaka 1987 Chomczynski na Sacchi wakaichanganya na fenoli yenye asidi na klorofomu kwenye tyubu moja: unasaga, unatikisa, unazungusha kwenye sentrifyuji, RNA inabaki kwenye maji ya juu, DNA na protini zinabaki chini. Mpaka leo maabara nyingi duniani zinafanya hivyo hivyo.

Baada ya hapo, tafadhali, angalia RNA yako kwenye jeli, inayoipanga kwa ukubwa, kabla hujaendelea. Kwenye RNA ya mnyama unatakiwa uone mistari miwili mikali ya RNA ya ribosomu (mashine za seli za kutengenezea protini), 28S na 18S, wa juu uwe umekolea takriban mara mbili ya wa chini. Ukiona moshi unaoshuka chini na mstari wa juu umefifia, simama, rudi kwenye tishu. Mimi ile mara ya kwanza niliona 28S na 18S zinalingana nikajiambia inatosha, hiyo ilikuwa dosari yangu ya kwanza, na ukifikiria vizuri ni hesabu tu: RNA yenye besi, yaani herufi, 4,000 ina nafasi nyingi zaidi ya kukatwa mahali fulani kuliko yenye 600, kwa hiyo uozo kidogo unaziacha fupi zikiwa nzima na ndefu zote zinakatika vichwa. Praima ya T inashika mkia, inapanda, inafika palipokatika, mwisho wa safari. Na kipimo cha mwanga cha kwenye spektrofotomita hakitakuambia lolote kuhusu hilo, RNA iliyooza na iliyo nzima zinanyonya mwanga vilevile.

Kingine ni kwamba mRNA ni asilimia 1 mpaka 5 tu ya RNA yote, nyingine karibu zote ni za ribosomu. Aviv na Leder mwaka 1972 walionyesha njia safi ya kuichuja: unaifunga mikia ya T kwenye selulosi, unapitisha RNA ikiwa kwenye chumvi nyingi, mikia ya A inajishika, zingine zinapita, halafu unaondoa chumvi na mRNA inaachia. Siku hizi ni shanga za sumaku badala ya selulosi lakini wazo ni lilelile. Kwa bakteria njia hii haikufai maana mRNA zake hazina mkia thabiti wa namna hiyo, huko unatumia praima nasibu na unaondoa RNA ya ribosomu kwa njia nyingine.

Tukija kwenye uzi wa kwanza, yaani DNA inayonakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye RNA. Enzaimu za mwanzo zilitoka kwa virusi viwili, AMV cha ndege na MMLV cha panya, ya kwanza inapenda 42°C na ya pili 37°C, na zote zimekuja na kazi ya ziada ambayo virusi vinaihitaji ila sisi hatuitaki: ina upande wa ribonyuklesi H unaokula RNA iliyoshikana na DNA. Sasa hebu fikiria enzaimu imefika kwenye fundo imesimama, na huku imesimama upande wake mwingine unaikata RNA ileile inayoisoma, basi kichwa kimeondoka moja kwa moja na hata fundo likifunguka hakuna tena cha kusoma. Wahandisi wa protini walipoibadilisha MMLV ili upande huo ufe, cDNA zikawa ndefu ghafla, na matoleo ya baadaye yakavumilia 50 mpaka 55°C ambako mafundo mengi yanalegea yenyewe. Kwa maoni yangu hakuna badiliko hata moja katika fani hii lililosaidia vichwa kuliko hilo, na ndo maana nasikitika nikiona mtu amebana matumizi kwenye enzaimu ya uzi wa kwanza halafu anatumia hela kwenye kusikwensi, yaani kusoma herufi za DNA.

Praima nayo ina siri zake. T tupu zinaweza kujishika popote kwenye ule mkia, mkia wa mamalia unaweza kufika A 200 hivi, kwa hiyo unapata kloni zenye mkia mrefu usio na faida, na dawa yake ni kuweka mwishoni mwa praima herufi moja ambayo sio T na nyingine yoyote baada yake, ili ijibane pale mkia unapoanzia. Pia inaweza kujishika kwenye rundo la A lililo katikati ya ujumbe, ukapata kloni inayoonekana ina mkia wa kweli kumbe imeanzia njiani. Praima nasibu za herufi 6 zinaanzia popote, kwa hiyo zinafika kichwani kirahisi zaidi, ila kila kipande kinakuwa kifupi na huwezi kupata ujumbe mzima kwenye kloni moja. Hakuna praima isiyo na gharama, unachagua gharama unayoweza kuibeba.

Uzi wa pili, ule mwenzake unaoikamilisha DNA iwe ya nyuzi mbili, ndo una historia inayonigusa zaidi. Watu wa mwanzo waligundua kwamba uzi wa kwanza ukimalizika na RNA ikaondolewa, ncha yake inajikunja yenyewe kama pini ya nywele, na ukunjo huo unaweza kutumika kama praima ya uzi wa pili. Ilikuwa zawadi, hakuna haja ya kutengeneza kitu. Lakini sasa una kitanzi kinachounganisha nyuzi mbili na lazima ukikate, na walikikata kwa nyuklesi S1, enzaimu inayokula DNA isiyo na mwenzake, na hiyo haina kipimo, inakula kitanzi na inaendelea kula. Na kitanzi kiko wapi? Kiko kichwani. Kwa hiyo karibu kila cDNA iliyotoka kwa njia hiyo ilikuwa imepunguzwa kichwa na njia yenyewe, hata kama RNA ilikuwa nzima na mtu alikuwa makini kupita kiasi.

Hiroto Okayama na Paul Berg mwaka 1982 wakaja na njia yao ambayo mpaka leo naiona ya kupendeza, plasmidi yenyewe inabeba mkia wa T na ndo inakuwa praima, kwa hiyo cDNA inazaliwa ikiwa tayari imeshika nyumba yake, na mwelekeo unajulikana tangu mwanzo. Njia ilikuwa nzuri ila ngumu, kuiandaa ile plasmidi kulihitaji mikono ya subira. Mwaka 1983 Gubler na Hoffman wakachukua wazo la uzi wa pili lililokuwa humo wakalirahisisha mpaka kila mtu akaliweza: usiiondoe RNA yote, ikatekate tu kwa ribonyuklesi H ya E. coli, vipande vifupi vinavyobaki vimeshikana na DNA vinakuwa praima, polimeresi ya DNA ya kwanza, enzaimu inayojenga DNA, inavirefusha huku ikiondoa RNA iliyo mbele yake, ligesi inaziba mapengo. Hakuna kitanzi, hakuna S1. Bado unapoteza herufi chache kabisa za kichwani, maana kipande cha mwisho cha RNA hakina wa kukibadilisha na ukisawazisha ncha zinakatwa, lakini ukilinganisha na kilichokuwepo kabla ni tofauti kubwa sana. Ni njia hii nimefundishwa na ndo nimeitumia kwenye ile maktaba ya mikia, kwa hiyo nasema wazi kwamba kosa halikuwa la Gubler na Hoffman.

Kosa la pili, na kubwa zaidi, lilikuwa kwenye kolamu. Ukishamaliza nyuzi mbili unasawazisha ncha, unaunganisha adapta, vipande vifupi vya DNA, ili cDNA iweze kushikana na vekta, ile plasmidi au faji, na ukitaka mwelekeo ujulikane unaweka kituo cha kukatia, mahali enzaimu fulani inapokata DNA, kwenye praima ya T na kingine tofauti kwenye adapta, na kama unatumia XhoI, mojawapo ya enzaimu hizo, kwenye praima basi uzi wa kwanza unautengeneza kwa C zenye methili ili XhoI isikate ndani ya cDNA yenyewe. Hayo yote niliyafanya sawa. Halafu unapitisha kila kitu kwenye kolamu inayotenganisha kwa ukubwa, ndefu zinatoka kwanza, fupi na adapta za ziada zinafuata, na unakusanya tone kwa tone. Mimi sikutaka kupoteza chochote nikakusanya matone mengi mno, nikachanganya. Vipande vifupi vinaingia kwenye vekta kirahisi kuliko virefu, na kwa idadi ya molekyuli viko vingi zaidi hata kama kwa uzito ni kidogo, kwa hiyo nanogramu chache za takataka fupi zinaweza kumeza maktaba nzima. Nilipata kloni milioni kwa sababu hiyo. Ningekusanya matone matatu ya kwanza tu ningepata chache na bora, na huo ndo uamuzi ambao moyo unaukataa ukiwa umesimama pale na pipeti mkononi, kumwaga cDNA uliyoihangaikia wiki nzima.

Kuhusu ukubwa wa maktaba kuna fomyula ya Clarke na Carbon ya 1976 ambayo ni nzuri kuijua: idadi ya kloni ni logi ya 1 toa uwezekano unaoutaka, gawa kwa logi ya 1 toa sehemu ambayo ujumbe wako unachukua kwenye mRNA zote. Kama ujumbe wako ni mmoja kati ya 37,000 na unataka uhakika wa asilimia 99 unahitaji kloni kama 170,000. Ukiwa mmoja kati ya 100,000 unahitaji karibu 460,000. Ila fomyula hiyo inahesabu kloni yoyote ya ujumbe huo, mkia pekee nao unahesabiwa, na hilo ndo sikuliona. Ikiwa ni kloni moja tu kati ya hamsini za jeni yako inayofika kichwani, basi zidisha mahitaji yako kwa hamsini, au rudi nyuma urekebishe uzi wa kwanza, ambayo ni rahisi zaidi.

Nyumba za kloni nazo zilipigana miaka mingi, plasmidi upande mmoja, faji lambda upande mwingine. Faji ilishinda kwa muda mrefu maana kufungasha DNA ndani ya vichwa vya faji kwenye tyubu na kuambukiza bakteria kunafanya kazi vizuri mno kuliko kuwalazimisha bakteria wameze plasmidi, na sahani moja ya faji unaweza kuichunguza maelfu kwa maelfu. Lambda gt11 ya Young na Davis ilileta jambo jipya, cDNA inashikanishwa na jeni ya beta-galaktosidesi na bakteria anatengeneza protini yenyewe, kwa hiyo unaweza kutafuta kloni kwa kingamwili hata kama hujui herufi moja ya jeni. Baadaye mwaka 1988 ikaja Lambda ZAP ambayo kipande kinaweza kutolewa kikiwa plasmidi ndani ya bakteria bila kukikata na kukihamisha kwa mkono, na aliyewahi kuhamisha vipande kimoja kimoja kutoka lambda anajua hiyo ni huruma kiasi gani.

Na hapa lazima niseme kisa kinachonipinga mwenyewe. Miaka ya 1980 kulikuwa na homa ya ini iliyokuwa inapita kwenye damu ya kuongezewa, haikuwa A wala B, na hakuna aliyeweza kukiona kirusi chake wala kukikuza. Qui-Lim Choo, George Kuo, Michael Houghton na wenzao walichukua plazma ya sokwe aliyeambukizwa, wakatoa RNA na DNA zote zilizokuwemo, wakatengeneza cDNA kwa praima nasibu kwa sababu hawakujua kirusi kina mkia au hakina, wakaiweka kwenye lambda gt11 na kuitafuta kwa kingamwili zilizo kwenye damu ya mgonjwa. Na kumbuka kwenye gt11 kipande kinaweza kuingia kwa mielekeo miwili na kwa fremu tatu (herufi zinasomwa tatu tatu, kwa hiyo kuna mianzo mitatu), yaani ni kimoja kati ya sita kinachosomeka sawasawa. Walipitia kloni kama milioni moja, na moja, iliyopewa jina 5-1-1, ikawa ya kirusi. Ilikuwa fupi, haifiki herufi 200. Kutoka kipande hicho kidogo wakatangaza mwaka 1989 kirusi cha hepatitisi C, vikaja vipimo vya damu, na mwaka 2020 Houghton akawa mmoja wa watatu waliopata Nobel kwa kazi ya kirusi hicho. Hakukuwa na kichwa, hakukuwa na mkia, kulikuwa na kipande cha katikati kilichotosha. Kwa hiyo kabla hujachagua njia jiulize unahitaji ujumbe mzima au unahitaji alama tu, kwa sababu wao wangeng'ang'ania praima ya T huenda wasingekipata kabisa, RNA ya kirusi kile haina mkia wa A.

Lakini kwa sisi tunaotaka ujumbe mzima, miaka ya 1990 ndo mambo yalipobadilika, watu walipoacha kuomba kichwa kifike na wakaanza kukishika. mRNA ya seli zetu ina kofia kichwani, herufi moja ya G yenye methili iliyogeuzwa, na RNA iliyokatika haina. Maruyama na Sugano mwaka 1994 walitumia akili rahisi: kwanza ondoa fosfeti kwenye ncha za RNA zote zilizokatika, kisha ondoa kofia ili zile nzima pekee zibaki na fosfeti, halafu unganisha kipande cha RNA unachokijua, kitajishika kwa zile zilizokuwa na kofia tu. Mwaka 1996 Piero Carninci na wenzake wa taasisi ya utafiti ya RIKEN huko Japani wakaishika kofia yenyewe kwa biotini, molekyuli ndogo ya kunasia, na sehemu ninayoipenda ni hatua inayofuata. Baada ya uzi wa kwanza wanaweka ribonyuklesi inayokata RNA iliyo uchi tu. Kama cDNA imefika mpaka mwisho, RNA imefunikwa yote na kofia inabaki, inanaswa kwa shanga za streptavidini, protini inayoikamata biotini. Kama cDNA iliishia njiani, kati yake na kofia kuna RNA uchi, inakatwa, kofia inaondoka peke yake na ile cDNA fupi inaoshwa. Yaani njia yenyewe inamuuliza kila molekyuli swali lilelile ninalouliza mimi, umefika au hujafika, na isiyofika haiingii. Kwa njia hiyo RIKEN walikusanya cDNA kamili za panya kwa makumi ya maelfu kwenye mradi wa FANTOM.

Njia ya tatu ndo imeenea kuliko zote kwa sababu inataka RNA kidogo sana. MMLV ikifika mwisho wa ujumbe ina mazoea ya kuongeza C chache ambazo hazipo kwenye kiolezo, na ukiwa umeweka humo kipande chenye G tatu mwishoni kitajishika kwenye zile C, na enzaimu inaruka kutoka kwenye RNA inaendelea kukinakili kile kipande. Sasa una herufi unazozijua kichwani na unazozijua mkiani, unaweza kuzalisha kwa PCR, njia ya kutoa kopi nyingi za DNA kwenye tyubu. Sio mlinzi mkali kama yule wa kofia, enzaimu wakati mwingine inaruka hata ikiwa haijafika, ila kwa tyubu moja na RNA kidogo huwezi kulalamika. Ni hiyo ndo iliyotuwezesha kusoma seli moja moja, maana seli moja ya mamalia ina RNA yote kama pikogramu 10 hadi 30, na kuanzia 2012 njia iitwayo Smart-seq ilionyesha unaweza kupata ujumbe kwa urefu kutoka kwenye hizo.

Kusawazisha wingi wa ujumbe, sio ncha, nitapita haraka. Kwenye seli jeni chache zinapiga kelele na nyingi zinanong'ona, ukiokota kloni ovyo utaokota zilezile. Unayeyusha cDNA na kuiacha ishikane tena, zilizo nyingi zinakutana na wenzake haraka, unaziondoa, zamani kwa hidroksiapataiti na baadaye kwa nyuklesi inayokata DNA ya nyuzi mbili tu iliyotoka kwa kaa wa Kamchatka. Ina faida kama unataka kukusanya jeni, ila ukishafanya hivyo usimwambie mtu jeni fulani ilikuwa nyingi kiasi gani, umeshaifuta hiyo habari kwa mkono wako.

Siku hizi wanafunzi wananiuliza haya yote ya nini, maktaba sasa ni tyubu ndogo inayokwenda kwenye mashine, haigusi bakteria. Ni kweli. Lakini fungua data yoyote ya RNA-seq, yaani kusoma RNA kwa mashine, iliyotoka kwenye RNA iliyooza na kuchujwa kwa praima ya T, utaona milima imerundikana mkiani na kichwani kweupe, ni ile skrini yangu ya zamani imerudi ikiwa na rangi nzuri. Mwelekeo uliokuwa unalindwa kwa vituo viwili vya kukatia sasa unalindwa kwa kuweka U badala ya T kwenye uzi wa pili na kuuharibu kabla ya PCR. Adapta za ziada bado zinaoshwa, safari hii kwa shanga, na bado kuna watu wanaogopa kuosha. Na kuhesabu kloni kumegeuka kuweka alama nasibu kwenye kila molekyuli kabla ya PCR ili kopi elfu za molekyuli moja zisihesabiwe kama elfu.

Niliijenga ile maktaba upya. Tishu ikagandishwa palepale, RNA ikatoa mistari miwili kama inavyotakiwa, nikaipasha 65°C dakika tano na kuiweka kwenye barafu, enzaimu isiyo na ribonyuklesi H kwa 50°C, kipande chenye G tatu kikasubiri kichwani, kwenye kolamu nikachukua matone matatu na mengine nikayaacha. Nikapata kloni chache kuliko robo ya zile za mwanzo, na sehemu moja nikaihifadhi bila kuizalisha kwa sababu kila mzunguko wa kuzalisha unawapendelea wanaokua haraka. Kloni ya saba niliyoisoma ilikuwa ya jeni yangu. Nilianza upande wa kichwa, zikaja herufi za adapta, G tatu, halafu herufi mia na zaidi ambazo sikuwahi kuziona kwenye kloni yoyote, halafu ATG.